Nati ya Mhimili

Sentensi iliyomvunja mkono mpwa wangu ina maneno sita, na hakuna hata moja ambalo mwalimu wa Kiswahili angelitia wino mwekundu: legeza nati ya mhimili mizunguko miwili.

Niliitamka kwa simu nikiwa Tanga, nimeketi barazani pamoja na washairi wenzangu, tukihesabu kwa vidole mizani ya mshororo uliozidi kwa moja. Yeye alikuwa kwao Chamazi, amechuchumaa mbele ya ubao wake wa magurudumu, spana mkononi. Aliniuliza swali la haki: ubao unagoma kukata kona, afanye nini? Nikamjibu kwa maneno hayo sita, nikakata simu, nikarudi kwenye mshororo. Naiandika habari hii hapa kwa kuwa hapa ndipo tunapokutana sisi wa kupenda maneno, na kosa lilikuwa la neno.

Ubao wenyewe ulitoka kwenye mitumba. Mama yake, ambaye ni mdogo wangu, aliuona Karume umelala chini ya rundo la viatu vya mpira, akaupatana akidhani ni kitu cha kuchezea kwa wiki mbili kisha kigeuke rafu ya jikoni. Mchoro wa upande wa chini ulikwisha kukwanguka. Magurudumu yalikuwa na rangi ya maziwa yaliyoungua, na moja lilizunguka kwa sauti ya kusaga kokoto. Mtoto ana miaka 12. Hakuuona ubovu wowote.

Wanaoijua Chamazi watauliza aliutelezeshea wapi. Huku kwetu ni mchanga. Ukishuka kwenye daladala itokayo Mbagala Rangi Tatu na kuiacha lami, viatu vinajaa kabla hujaifikia nyumba ya tatu. Gurudumu lenye kipenyo cha milimita 52 linazama humo kama kijiko katika uji. Lakini Chamazi ni mji unaojengwa kila siku, na penye ujenzi pana zege. Ziko nyumba zilizomwagiwa jamvi kisha zikasubiri kuta kwa miaka, na watoto wameyagundua majamvi hayo kabla ya wenyewe kurudi. Mpwa wangu alikuwa na lake, la jirani aliyehamishiwa mkoani kikazi, laini kama meza. Na mbele ya ghala moja la vifaa vya ujenzi upo mteremko wa zege wa hatua kama kumi na tano, ambao malori huupanda kushusha saruji. Jioni malori yakiondoka, mteremko ni wa watoto.

Mchezo huu si mgeni kabisa kwetu. Kule Kitintale, Kampala, vijana walijijengea uwanja wao wa zege mwaka 2006, na Nairobi kuna uwanja wa Shangilia. Mwaka 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, ubao wa magurudumu uliingia kwa mara ya kwanza katika orodha ya michezo ya medali. Na kabla ya hayo yote, sisi tuliokulia Temeke tulikuwa na vigari vyetu: ubao mmoja, vipande viwili vya mti, na beringi chakavu za magari badala ya matairi. Kipande cha mti cha nyuma kilipigiliwa kikakaza. Cha mbele kilishikwa na msumari mmoja mnene katikati, ili miguu iweze kukisukuma huku na huku na kigari kigeuke. Nitaurudia msumari huo baadaye.

Nilipouona ubao wa mtoto nilipatwa na homa ninayoijua, homa ya msamiati. Niliugeuza chini juu, nikaona vyuma viwili vyenye umbo la ajabu vikiyabeba magurudumu, mbele kimoja na nyuma kimoja, na kila kimoja kimeundwa kwa vipande visivyopungua kumi. Kwa Kiingereza chuma hicho kizima kinaitwa kwa neno lile lile la lori. Nikajiambia kwamba mtoto huyu hatakua akiita vitu vyake kwa maneno ya kuazima wakati mjomba wake yu hai. Nikachukua daftari la shule, nikaandika orodha.

Niliifurahia sana orodha ile, nikiri. Bati lililofungwa kwenye ubao kwa bolti nne nililiita bamba. Chuma kilichotanua pande mbili juu yake nilikiita mabawa. Vipande viwili vya mpira vilivyobanwa katikati nikaviita mito, mtoto akauliza kama ni mito ya maji, nikamweleza kwa subira kwamba ni ya kulalia. Chuma chembamba kirefu kinachopita ndani ya mabawa na kuyashika magurudumu mawili nilikiita ufito. Na ile bolti nene iliyosimama katikati, inayoshikilia mito na mabawa yote, niliipa jina lililonipendeza kuliko yote: mhimili.

Tazameni nilivyofikiri. Nilikuwa najenga nyumba. Katika nyumba ya udongo ya bibi yangu, mhimili ulisimama katikati na paa likauegemea. Fito zililazwa na kufungwa kwa kamba, nyembamba, ndefu, za kupita. Bolti iliyosimama ni mhimili, chuma kilicholala ni ufito. Picha ilikamilika. Sikujiuliza kama mtoto aliyezaliwa Chamazi, katika nyumba ya tofali na bati, amewahi kuuona ufito. Hajauona. Nilipomuuliza baadaye alisema alidhani ni aina ya fimbo.

Neno mhimili, kwa upande wake, alilijua vizuri. Tatizo ni kwamba alilijua kuliko mimi.

Neno hili limechimbukia katika mzizi wa Kiarabu wa kubeba. Ndugu zake ni himili na stahimili. Likavaa kiambishi cha m- na mi-, likawa letu kama msumari ulivyokuwa wetu na wingi wake misumari, ingawa mzizi ni mismari ya Waarabu. Kitu kinachohimili ni mhimili. Ndiyo maana tunasema Bunge, Serikali na Mahakama ni mihimili mitatu ya dola, na hakuna anayetarajia mihimili hiyo izunguke. Lakini fungua kitabu cha shule kinachofundisha usiku na mchana, utakuta dunia inajizungusha kwenye mhimili wake. Hapo mhimili si nguzo tena. Ni mstari ambao kitu huuzunguka. Neno moja limebeba kitu kilichosimama kikabeba, na kitu kinachozungukwa. Kwa miaka yangu yote ya kufundisha nililitumia kwa maana zote mbili na sikuwahi kuona kwamba zinaweza kugombana.

Sasa mtoto yuko peke yake na ubao. Mjomba amesema mhimili. Magurudumu yanazunguka kwenye nini? Kwenye kile chuma kilicholala. Darasani dunia huzunguka kwenye mhimili. Hapa magurudumu yanazunguka kwenye mhimili. Nati ya mhimili basi ni ile ya mwisho wa chuma hicho, inayolizuia gurudumu lisichomoke. Spana pekee iliyokuwamo nyumbani ilikuwa namba 13, ya pikipiki ya baba yake. Aliijaribu kwenye bolti nene ya katikati, haikuingia. Akaijaribu kwenye nati ya gurudumu, ikaingia. Neno likaungwa mkono na spana. Akalegeza mizunguko miwili, na kwa kuwa ni mtoto mwenye utaratibu, akazilegeza zote nne.

Nati hizo huwa na pete ndogo ya nailoni ndani, ambayo huibana hesi ili mtetemo usiifungue. Pete hiyo huchakaa kila nati inapofunguliwa, na za ubao huu zilikwisha kuchakaa kabla haujafika Karume. Mizunguko miwili ni kama milimita mbili tu. Zilizobaki zilifunguliwa na zege. Gurudumu la mbele kulia lilitoka katikati ya mteremko.

Alivunjika mfupa mmoja juu kidogo ya kifundo cha mkono wa kushoto. Niliporudi kutoka Tanga nilimkuta barazani amefungwa plasta, ambayo watoto wa mtaa walikwisha kuita hogo na kuiandika majina yao. Aliniamkia. Nikaitikia nikiwa nimesimama, kwa kuwa sikujua nikae wapi. Mdogo wangu alileta chai, akaiweka mezani taratibu mno.

“Kaka,” alisema, “mtoto alifanya hasa ulivyomwambia.”

Hakuongeza neno. Ningependa angepiga kelele. Alipoondoka mtoto akachomoa daftari lenye orodha yangu chini ya mto (ule wa kulalia), akalifungua, akaweka kidole kwenye neno mhimili. “Mjomba, ni lipi hasa?” Hakuwa akinilaumu. Alitaka kujua. Nilianza kueleza habari ya nguzo na paa, nikaona macho yake yanatoka kwangu kwenda kwenye ubao na kurudi, yakiitafuta nyumba ambayo haikuwepo.

Jumamosi tukaubeba kwa fundi.

Fundi huyu ana kibanda chini ya mwarobaini kando ya barabara iendayo Mbande. Hutengeneza baiskeli, maguta na bajaji, lakini ujana wake aliumaliza Gerezani akifungua malori. Tunafahamiana. Yeye huniita Mwalimu, na mimi humwita Fundi, na hatujawahi kuhitaji zaidi ya hayo. Mtoto akamwamkia, akaitikia, akautazama mkono, akautazama ubao, akaupindua.

“Hii ni ekseli ya lori,” alisema. “Imepungua tu.”

Alichukua spana namba 14 akaipeleka kwenye bolti ya katikati, haikuingia. Namba 15 ikaingia, ikacheza. Akaguna, akaingia kibandani, akarudi na mkebe wa spana za inchi. Nati hii ni ya tisa kwa kumi na sita, alisema, na kweli spana hiyo ilikaa kana kwamba ilizaliwa hapo. Nati ya gurudumu ni ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, ndiyo maana namba 13 ya pikipiki iliishika. Zile ndogo zinazoufunga ubao na bamba ni za tatu kwa nane, na namba 10 huzishika vivyo hivyo. Basi ubao mmoja una nati za aina tatu na kila moja ina spana yake. Fundi alisema kama kwamba ni jambo la wazi kwamba mtu huitambua nati kwa spana yake kabla ya jina.

Kisha akafungua. Alitandaza gunia, na kila kilichotoka akakilaza kwa mpangilio wa kutoka. Nati. Kijisahani cha chuma chenye ukingo, ambacho yeye alikiita wosha na mimi nikakunja uso. Kipande cha mpira chenye umbo la pia. Halafu chuma kile kilichotanuka, alichokinyanyua chote pamoja na magurudumu yake. Halafu kipande cha pili cha mpira, kinene zaidi, cha umbo la pipa. Kijisahani kingine. Na pale kwenye bamba ikabaki bolti nene peke yake, imesimama kwa mshazari.

“Kingipini,” alisema fundi, akiigonga kwa kucha.

Nilimuuliza neno hilo amelitoa wapi. Akanitazama kwa mshangao. Kila lori alilolifungua lilikuwa na kingipini, mbili, kulia na kushoto, na ndizo zinazouwezesha mguu wa mbele wa gari kugeuka stelingi inapouvuta. Ikilika, gari linatangatanga barabarani. Hakuna dereva wa masafa asiyelijua neno hilo. Limekuwa likisemwa kwa Kiswahili, na kwa wingi wa Kiswahili, umbali wa nusu saa kutoka meza yangu ya kuandikia, tangu kabla sijaanza kazi ya ualimu.

Tukaipitia orodha. Nilitaka kuitetea, nakiri, na nilianza kwa kuisoma kwa sauti ya darasani. Bamba likapita, yeye pia huliita bamba. Kwa mito alicheka kidogo, kwa heshima. “Hizi ni bushi, Mwalimu. Kila gari linazo.” Ufito hakuuelewa kabisa mpaka nilipomwonyesha, akasema ekseli, na mtoto akaitikia kwa kichwa. Kwa mabawa alinyamaza muda, akakizungusha chuma kile mkononi. “Haya hayarukii popote,” alisema. “Haya ni mabega. Yanabeba uzito, na ukiegemea upande bega moja linashuka.” Sikuwa na la kujibu. Alikuwa amenishinda katika kazi yangu.

Kisha akaniuliza, “Na hii pua umeiitaje?”

Sikuwa nimeiita kitu. Sikuwa nimeiona. Kwenye ubavu wa mabega kuna kincha cha chuma kama pua ya mbuzi, na pua hiyo huingia katika kikombe kidogo cha plastiki kilichochimbiwa kwenye bamba. Mabega yote yameshikwa mahali pawili: kwenye bushi, na kwenye pua. Bila pua yangezunguka ovyo. Mshairi mzima nilikuwa nimetaja kila kitu kinachoonekana, na kuliacha jambo linalofanya chombo kiwe chombo.

Hapo fundi akatuonyesha kinavyogeuka, na hiki ndicho ningetaka kila mtu akione walau mara moja. Aliyarudisha mabega mahali pake bila nati, akaushika ubao kwa mkono mmoja na kuuinamisha kulia. Kwa kuwa pua na kingipini havipo kwenye mstari wa wima bali wa mshazari, ekseli haikuinama tu, iligeuka. Gurudumu la kulia lilirudi nyuma, la kushoto likaenda mbele. Kwenye chuma cha nyuma, ambacho kimefungwa kikitazamana na cha mbele, ikawa kinyume chake. Kwa hiyo ekseli mbili zinaposhirikiana huchora upinde, na ubao huufuata. Mtu haugeuzi kwa usukani wala kwa kamba. Anaegemea tu, na mshazari unafanya kazi iliyobaki.

Wazo hili ni la zamani kuliko ubao. Mwaka 1863 James Plimpton wa New York alipewa hataza ya viatu vya magurudumu manne vilivyogeuka kwa kuegemea, vikiwa na mpira ndani wa kuvirudisha sawa. Karibu miaka 90 baadaye watu wa California wakaanza kupigilia vyuma vya viatu vya aina hiyo chini ya vipande vya mbao. Vyuma vilivyoundwa mahususi kwa ajili ya ubao vilikuja miaka ya 1970, pamoja na magurudumu ya poliyurithani yaliyochukua nafasi ya yale ya udongo mgumu. Nilipomsimulia fundi, alisema huyo Plimpton alikuwa fundi wa stelingi. Nami nikaukumbuka msumari mnene wa kigari chetu cha Temeke. Ule ulikuwa kingipini. Tulikuwa na kitu, hatukuwa na jina lake, na hakuna aliyevunjika.

Bushi za ubao wetu zilikuwa zimepasuka, na ya juu ilikuwa imekauka ikawa kama kwato. Hii ndiyo iliyokuwa sababu ya ubao kugoma. Ugumu wa bushi hupimwa kwa kipimo cha Shore A. Za kawaida ni kama 90, laini hushuka hadi 78, ngumu hukaribia 100. Mtoto wa kilo 35 juu ya bushi ngumu zilizokauka ni kama kuku aliyetua juu ya boriti: boriti haijui kama amefika. Hata kama angeipata nati sahihi, na kuilegeza mizunguko yangu miwili, ubao ungeyumba bila kugeuka vizuri, kwa kuwa nati hulegeza mbano lakini hailainishi mpira. Ushauri wangu ulikuwa mbaya kwa maana zote mbili za mhimili.

Dukani hakuna bushi za skeitibodi hapa Chamazi. Fundi alichambua bakuli la vyuma akatoa bushi nne za shokapu, za mpira mweusi, zenye tundu la milimita 10. Kingipini ina unene wa milimita 9.5. Akazichonga kwa kisu kilichochovywa maji ya sabuni, mbili za pipa na mbili za pia. Beringi iliyosaga kokoto alibadilisha kwa iliyotoka kwenye mota ya grenda iliyokufa: zote ni namba 608, tundu milimita 8, kipenyo cha nje 22, unene 7. Nati za gurudumu akazitupa, akafunga mpya zenye nailoni. Alimfundisha mtoto kuzikaza: kaza mpaka gurudumu ligome, kisha rudisha robo mzunguko, ulishike gurudumu na ulitikise, likicheza kidogo sana kama jino la mtoto linaloanza kulegea, hapo hapo acha.

Tulifanya kosa moja. Alikuwa amevifungua vyuma vyote viwili kwenye ubao ili avisafishe, na katika kuvirudisha kimoja kilitazama nje badala ya ndani. Mtoto alipouegemea kwa mguu mmoja, ekseli zote mbili ziligeukia upande mmoja na ubao ukaenda ubavu kama kaa. Yeye ndiye aliyejua. “Kingipini ziangaliane,” alisema. Siku ile ile alikwisha kulimiliki neno.

Kisha kukaza. Fundi alianza kwa kuisogeza nati mpaka uso wake ukalingana na ncha ya kingipini, akamwambia asimame juu huku ameshikilia guta. Aliegemea, mpira wa shokapu ni laini kuliko ule wa asili, na gurudumu likagusa ubao na kukwama papo hapo. Hilo ni jambo la kuogopwa, kwa sababu ubao husimama ghafla na mtu huendelea na safari. Robo mzunguko. Akaegemea, likagusa tena kidogo. Robo nyingine. Mbele na nyuma, robo kwa robo, kwa muda wa karibu saa nzima, huku wateja wa baiskeli wakisubiri na kutoa ushauri.

Nikiwa nimekaa juu ya tairi nilijikuta nawaza mambo yetu. Nimelelewa na Sheria za Kutunga Mashairi ya Amri Abedi ya mwaka 1954, na nilipokisoma Kichomi cha Kezilahabi, cha mwaka 1974, nilikiweka chini kwa hasira, kwa kuwa niliona nati zote zimefunguliwa. Ningeweza kuendelea na mfano huo ukurasa mzima. Lakini nilikwisha kuona siku chache kabla kile kinachotokea ninapoipenda picha yangu kuliko kitu chenyewe, basi nikauacha, nikamshikia mtoto mkono wake mzima.

Orodha mpya ipo. Ameiandika yeye, kwa mkono wa kulia, kwenye ukurasa wa pili wa daftari lile lile: bamba, kingipini, bushi ya juu, bushi ya chini, mabega, pua, kikombe, ekseli, beringi, nati tatu na spana zake. Wosha nililikataa mpaka mwisho, kwa sababu sikio langu husikia kuosha vyombo, na mtoto akakubali kijisahani ili kunifurahisha. Naamini akiwa na wenzake anasema wosha. Katika maneno yangu yamebaki machache, kikiwamo hicho kijisahani. Ukurasa wa kwanza nilitaka kuuchana. Alinizuia, akisema ufito anautaka kwa ajili ya shairi.

Hilo la ufito ningeomba wasomaji tulijadili, kwa maana sidhani kwamba kila neno la gereji ni bora kuliko kila neno la bibi. Mabega na pua ni ya Kiswahili kabisa, na fundi aliyatoa papo hapo, kama wahenga walivyoyaona meno katika msumeno na mbuzi katika kibao cha kukunia nazi. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na chuma mkononi wakati anakiita, nami nilikuwa na kalamu.

Mdogo wangu aliuweka ubao nyumbani kwangu mpaka plasta itoke, na hata ilipotoka alisubiri wiki tatu. Hatukuzungumza habari hiyo. Siku moja alipita akiwa na kapu la soko, akauchukua, akautia chini ya kwapa, akasema atauhitaji.

Jumapili iliyopita simu ililia nikiwa naandika. Nyuma ya sauti ya mtoto nilisikia wenzake, na mlio ule wa magurudumu juu ya jamvi.

“Shikamoo Mjomba. Unayumba kwenye mteremko. Nikaze?”

“Marahaba. Ukaze nini?”

“Nati ya kingipini. Ya mbele. Spana ya inchi ninayo, fundi ameniazima.”

“Kiasi gani?”

“Robo.”

“Na za ekseli?”

“Sizigusi,” alisema, kisha akaiweka simu kwenye zege bila kuikata, nami nikabaki nasikiliza.